Ukumbi Alioulipia Concessa

Barua ilipitishwa kwenye tundu la mlango siku ya Jumanne, katikati ya matangazo ya bei za vyakula. Concessa alipomaliza kuisoma aliikunja mara nne, akaitia kwenye mfuko wa aproni, akarudi jikoni kukata vitunguu. Alikata vitunguu vinne. Chakula chenyewe kilikuwa cha mtu mmoja.

Huyu Concessa, mkimwona njiani pale Upplands Väsby, nje kidogo ya Stockholm, akitoka stesheni na kitoroli chake cha bluu, mtasema ni mama mpole. Na ni mpole kweli. Miaka ishirini na sita alifanya kazi katika nyumba ya kutunza wazee kule Hallonbergen. Aliwageuza watu kitandani, akawaosha, akawashika mkono walipokuwa wakikata roho na watoto wao wako likizo Thailand. Hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Hasira zake zilikuwa zinashukia mikononi. Siku akiwa na hasira hata shuka alizipiga pasi pande zote mbili.

Barua ilisema kwamba halmashauri ya ushirika wa nyumba inapendekeza kanuni mpya za ukumbi wa pamoja. Tangu sasa ukumbi utakuwa wa "maisha hai ya wanachama", maana yake mazoezi ya viungo, kwaya, karata na mvinyo wa Ijumaa. Mwanachama akiutaka kwa shughuli zake binafsi, wageni wake kutoka nje wasizidi kumi na wawili. Kanuni itaamuliwa kwenye mkutano mkuu wa mwezi wa nne, na ikipita itaanza kutumika siku ileile.

Sasa, Concessa alikuwa ameshajiandikisha kwenye daftari la ukumbi tangu Januari. Tarehe kumi na nne Juni, kutwa nzima. Siku hiyo mumewe Juvénal angetimiza mwaka kaburini, na siku hiyo ndiyo ya *kuganduka*, kama wanavyosema Warundi, yaani kuvua msiba. Ndugu na marafiki wanakusanyika, wanakula, wanakunywa, maneno yanasemwa mbele ya watu wote, halafu mjane anaachiwa arudi kuishi. Kabla ya hapo mtu yuko nusunusu. Tangu msiba Concessa hakuwa amevaa kitenge cha rangi, wala hakuwa amekwenda harusini. Watu sitini na watano walikuwa wamealikwa. Wifi yake wa Brussels alishakata tiketi.

"Kumi na wawili," aliviambia vitunguu. "Hata Yesu na wanafunzi wake hawangeingia."

"Wangeingia," ilijibu sauti mlangoni. "Yesu angekuwa ndiye mwanachama. Wageni ni wale kumi na wawili."

Alikuwa Robinah wa ghorofa ya pili, Muganda, dereva wa basi mstaafu. Kiswahili alikiokota Nairobi zamani za ukimbizi, na kubisha hodi hakujifunza popote.

"Umeisoma barua, dada?"

"Nimeisoma."

"Na unakata vitunguu."

"Unataka nikate nini, Mama Jordan? Shingo ya Torbjörn?"

"Mimi sijasema kitu," alisema Robinah, akavuta kiti. "Lakini kisu kiko mkononi mwako, si mwangu."

Torbjörn ndiye mwenyekiti wa ushirika. Mzee mwembamba wa miaka sabini na mbili, mpimaji wa ardhi zamani, anayetembea kwa fimbo mbili za mazoezi hata akienda kutupa takataka. Hana ubaya wa wazi. Ubaya wake uko kwenye tabasamu. Mwaka uliopita, wiki ile ya msiba, watu walikuwa wakija kila jioni, viatu vimejaa korido, nyimbo zinaimbwa, sufuria la maharagwe liko katikati ya ukumbi. Jioni ya tatu Torbjörn alisimama mlangoni, akatabasamu, akainamisha kichwa kama mtu anayeuliza ratiba ya treni.

"Pole sana, Concessa. Ningependa kujua tu: mnaomboleza mpaka saa ngapi?"

Concessa aligeuka akaenda kuosha vikombe, vikombe ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Swali hilo alikuwa nalo mpaka leo. Kila ada ya mwezi alipoilipa alilisikia tena.

Maana lazima muelewe nyumba zile zilivyo. Jengo ni la watu waliotimiza miaka hamsini na tano na zaidi, milango arobaini na saba. Pale hununui fleti kama unavyonunua kiwanja. Unanunua fungu lako katika ushirika, na fungu hilo linakupa haki ya kuishi nyuma ya mlango wako mpaka uuze au ufe. Kisha kila mwezi unatoa ada. Ada ndiyo inayolipa maji ya moto, lifti, kuzoa theluji na deni la jengo, na ndiyo inayolipa ule ukumbi wa chini wenye madirisha makubwa na piano. Msimu wa mapukutiko ada ilipandishwa ili ukumbi upate sakafu mpya ya mbao. Concessa alikuwa mjane wa miezi minne. Alipunguza nyama, akaahirisha miwani mipya, akalipa. Kwa hiyo, wasikilizaji wangu, mbao zile zilikuwa na nyama yake ndani yake.

Wala fungu lile halikuja kirahisi. Miaka kumi na tisa walipanga Hagsätra, ghorofa ya tatu bila lifti, Juvénal akiwa mtunza jengo la shule mwenye magoti mabovu. Aliweka akiba kama mtu aliyerogwa. Walipohamia Väsby alisimama katikati ya sebule tupu, amevaa koti, akasema, "Sasa hakuna wa kutufokea, Concessa. Mwenye nyumba ni sisi." Mikutano yote alikwenda yeye, amefunga tai, faili la karatasi kwapani. Fungu lilikuwa kwa jina lake. Concessa alibaki nyumbani akichemsha chai, na mume akirudi anamsimulia nani kasema nini. Alipokufa, fungu likahamia kwa mkewe, na halmashauri ikamwandikia Concessa barua: *Karibu, mwanachama mpya!* Miaka minane alikuwa ameishi pale. Barua hiyo nayo aliikunja mara nne.

Jioni ile alimpigia simu binti yake. Mélissa anazungumza na mama yake Kiswahili akiwa mgonjwa au akitaka kitu. Siku nyingine zote anajibu kwa Kiswidi.

"Mamma, gå dit och prata själv."

Yaani, nenda kaseme mwenyewe.

"Mwenyewe? Mwenye msiba anasimama kuombea msiba wake? Wewe umelelewa na nani?"

"Av dig, mamma." Yaani, na wewe, mama.

"Basi nilikosea mahali."

Kwao Concessa, tangu mtaa wa Buyenzi alikokulia, jambo zito lina msemaji wake. Posa ina msemaji, harusi ina msemaji, na msiba hivyohivyo. Mhusika anakaa, anatazama chini, anasemewa. Si kwamba hana mdomo. Heshima yake ndiyo hiyo. Kwa hiyo alifanya alichoona ni sahihi kabisa, akampigia Onesphore.

Onesphore alikuwa rafiki wa Juvénal wa tangu ujana, mkazi wa Hallonbergen, na kama umewahi kwenda kwenye sherehe ya Warundi Stockholm, basi umemsikia. Amesema kwenye harusi zisizohesabika. Baba wa bibi harusi wanalia, wa bwana harusi wanaongeza vinywaji.

"Shemeji, tulia," alisema. "Hao niachie mimi. Nitaandika kwa Kiswidi safi, kurasa tatu."

"Mbili, Onesphore."

"Mbili na nusu."

Robinah aliposikia alikuna kichwa. "Hawa watu wanapenda karatasi, dada. Faili la Baba Mélissa si liko pale? Angalia kama wanaruhusu."

Faili lilikuwa rafuni, kando ya Biblia, na halikuguswa tangu mwenyewe alipoliweka. "Sigusi," alisema Concessa. Na ndipo kosa lilipokaa, kimya, sentimita thelathini kutoka kwenye Zaburi.

Siku ya mkutano walikusanyika wanachama thelathini na tisa ukumbini. Mlangoni palikuwa na kapu la mifuko ya plastiki ya bluu ya kuvalisha viatu, ili sakafu mpya isikwaruzwe. Onesphore alikuja na suti nyeusi ya vipande vitatu, skafu shingoni, na miguuni ile mifuko ya bluu. Kila hatua alisikika kama mtu anayefungua pipi.

"Usicheke," Concessa alimnong'oneza Robinah.

"Sicheki. Nalia."

Palikuwa na kahawa na mikate ya mdalasini. Walipitia ripoti, walipitia mahesabu, wakajadili kwa dakika ishirini kama miti miwili ya uani ikatwe matawi au iachwe. Concessa alikaa mikono mapajani, kitambaa cheusi kichwani. Ajenda ya kumi na saba ilipotajwa Torbjörn aliisoma kanuni polepole, akitabasamu kila anapofika kwenye nukta.

Onesphore akasimama. Akafunga kifungo cha koti. Akakohoa kidogo, kikohozi cha heshima.

"Mheshimiwa mwenyekiti, wanachama wapendwa, wakubwa kwa wadogo," alianza kwa Kiswidi, ingawa mdogo kuliko wote mle alikuwa na miaka hamsini na tisa. "Kabla sijaingia kwenye jambo lililotuleta, niruhusuni nishukuru kwa kahawa, na nieleze nilivyokutana na marehemu Juvénal, mwaka ambao mvua..."

"Samahani," alisema Torbjörn. "Wewe unaishi hapa?"

"Naishi Hallonbergen. Mimi ni msemaji wa familia."

"Una barua ya uwakilishi?"

Onesphore alicheka kidogo, kama mtu aliyeulizwa kama ana leseni ya kupumua. "Mzee wangu, familia nzima inanijua."

Watu wawili watatu walitabasamu kwenye vikombe vyao. Torbjörn alifungua kitabu cha katiba ya ushirika, akatafuta ukurasa, akasoma. Kwenye mkutano anasema mwanachama mwenyewe. Anayemsemea awe mwanachama mwingine, au mume au mke wake, tena mwenye karatasi iliyotiwa saini.

"Kwa hiyo kwa upande wako, Concessa," alisema kwa upole mkubwa, "angekuwa mwanachama mwenzako. Au mume."

Hata Torbjörn mwenyewe alilisikia neno lake likianguka, lakini lilikuwa limeshatoka. Onesphore alibaki amesimama na kurasa zake mbili na nusu. Kisha akakaa, na plastiki ikalia.

Concessa alitazama mikono yake. Hakukuwa na vitunguu, hakukuwa na vikombe wala shuka. Mikono haikuwa na pa kwenda. Akasimama.

"Mume wangu hawezi kuja," alisema. Kiswidi chake kilikuwa cha kazini, kifupi, cha mtu aliyezoea kusema na viziwi. "Ulitembea nyuma ya jeneza lake, Torbjörn. Ulivaa koti la kijivu."

"Concessa, sikukusudia..."

"Sijamaliza. Mwaka jana uliniuliza swali, mlango ule pale. Uliniuliza tunaomboleza mpaka saa ngapi. Sikukujibu kwa sababu nilikuwa na mgeni wa kupakulia. Leo nakujibu. Mpaka tarehe kumi na nne Juni, saa tatu usiku. Andika. Nani anaandika hapa?"

Katibu, mwanamama mwenye miwani shingoni, alimwangalia mwenyekiti, kisha akaandika.

"Mimi si mpangaji wenu. Nina fungu. Kila mwezi nalipa, sijawahi kuchelewa hata siku moja, hata mwezi ule wa maziko. Hii sakafu nimeilipa. Nionyesheni mbao zipi ni zangu. Kama ni sita, watu wangu watasimama juu ya hizo sita, mmoja juu ya bega la mwingine." Mtu mmoja alicheka. Concessa alimtazama mpaka akaacha. "Mnasema maisha hai. Nimewaosha wazee wa nchi hii miaka ishirini na sita. Najua mazishi yenye watu kumi na wawili. Nimekwenda kwenye yale yenye wawili, padri na mimi, nimetoka kazini na sare yangu. Mliona ni utulivu. Mimi niliona aibu. Juvénal hatakuwa hivyo. Sitaki ruhusa yenu, sijaja kuomba. Nimekuja kuwaambia kwamba kitu changu ni changu."

Akakaa.

Torbjörn alikunywa maji. Kwenye mikutano ya Kiswidi, kwa wasiojua, mwenyekiti anauliza, watu wanaitikia kwa sauti, na yeye anasikiliza ni upande gani umevuma zaidi. Kisha anagonga meza kwa nyundo ndogo na jambo limekwisha.

"Wanaokubali kanuni waseme ndiyo."

"Ja," walisema watu upande wa dirishani, kwa nguvu.

"Wanaokataa?"

"Nej," walisema wengine, kwa aibu-aibu, kama watu wanaokataa keki.

"Naona kanuni imepi..." Nyundo ilikuwa hewani.

"Votering!" alipiga kelele Robinah. Sauti ile ilikuwa ya kuwaita abiria warudi nyuma ya basi. "Kura zihesabiwe! Mkono juu, mmoja mmoja! Nimesoma faili, mwenyekiti, kifungu kipo!"

Concessa alimgeukia. "Faili gani?"

"Lako, dada," alinong'ona Robinah. "Jana ulipokwenda kuoga. Usinipige hapa."

"Ulisoma ukamwacha Onesphore asimame?"

"Sikufika ukurasa ule! Ulitoka bafuni mapema!"

Mikono ikainuliwa, ikahesabiwa mara mbili, kwa sababu mzee mmoja wa ghorofa ya nne aliinua mkono pande zote mbili na ikabidi aulizwe anataka nini. Alisema anataka kahawa nyingine. Kumi na saba walikubali kanuni. Ishirini walikataa. Wawili, yule mzee akiwa mmoja wao, hawakuwa popote. Nyundo ikagonga.

Baadaye Torbjörn alimfuata Concessa mlangoni, mkono mbele, tabasamu mahali pake. "Ulikuwa mjadala mzuri," alisema.

Concessa aliutazama mkono ule. "Haukuwa mjadala," alisema. Akavua mifuko ya bluu, akaitia kapuni, akatoka.

Mngedhani alifurahi. Hakufurahi. Alipanda lifti na hasira mpya, kubwa kuliko ile ya kwanza. Msiba wake ulikuwa umenyooshewa mikono kama miti ya uani. Watu kumi na saba aliowasalimia kila asubuhi kwa miaka minane walikuwa wameinua mikono juu ya jeneza la Juvénal. Alimkasirikia na Onesphore, na mvua yake. Alipofika sebuleni alikwenda moja kwa moja rafuni, akalivuta faili, akalimwaga mezani.

Katiba ya ushirika ilikuwa juu. Kile kifungu cha msemaji Juvénal alikuwa amekipigia mstari kwa kalamu ya bluu. Nyuma yake palikuwa na karatasi ya uwakilishi, ya mkutano wa mwaka uliotangulia, wakati yeye alikuwa ameshalala kitandani haamki. Ilikuwa imejazwa yote. *Mimi, Juvénal, namtuma mke wangu Concessa aseme na apige kura kwa niaba yangu.* Saini ilikuwa imeyumba. Tarehe ilikuwepo. Hakumpa kamwe.

"Kwa nini?" Concessa aliiuliza karatasi. "Uliogopa nini? Kwamba nitakataa, au kwamba nitasema?" Aliuliza kwa sauti, akipiga meza kwa kiganja, mpaka jirani wa chini akagonga bomba. "Gonga!" alimwambia. "Gonga vizuri! Nalipa ada!"

Kisha akalia, kwa mara ya kwanza tangu baridi ilipoisha. Alipomaliza aliikunja karatasi mara moja tu, akairudisha mahali pake.

Tarehe kumi na nne Juni walifika watu sabini na mmoja. Wifi alitoka Brussels na sanduku la vitambaa. Robinah alisimamia mlango, akimpa kila mtu mifuko ya bluu ya viatu, hata mchungaji, na watoto wakaitumia kuteleza kutoka piano mpaka dirishani. Palikuwa na maharagwe, ndizi, mchele, samaki, na kreti za bia na soda. Concessa alikuwa amevaa kitenge cha manjano kilichokaa sandukuni mwaka mzima. Majirani walikuja pia, katibu mwenye miwani na wengine wachache, wakala, wakauliza pilipili ni ya nini.

Ulipofika wakati wa maneno, Onesphore alisimama, akafunga kifungo, akakohoa.

"Wapendwa, kwa niaba ya mjane wetu..."

"Kaa chini, shemeji," alisema Concessa.

Ukumbi ulishtuka. Wifi aliweka sahani mezani.

"Shemeji, desturi..."

"Desturi naijua. Kaa. Utasema baada yangu, kurasa zako zote, hata ile nusu."

Robinah alipiga kofi moja, akajizuia. Concessa alikwenda katikati, juu ya mbao mpya, akasimama miguu imeachana kidogo kama mtu anayetaka kuinua mgonjwa.

"Juvénal aliniandikia karatasi niseme," alisema, "halafu akaificha. Nimemkasirikia. Bado nimemkasirikia, na mimi ndiye ninayevua msiba, kwa hiyo mtanivumilia." Na akaanza kumsimulia mumewe, tangu Buyenzi, tangu magoti, tangu tai ya mikutano, na hakuna aliyekatiza.

Ilipofika saa tatu usiku jua la kiangazi cha kule kaskazini lilikuwa bado madirishani, na watu wanaimba. Concessa alichukua kiti, akakiweka uso kwa uso na mlango, akakaa akiimba huku anautazama. Alikuwa na jibu lingine tayari. Alingoja mpaka saa tatu na nusu. Torbjörn hakuja.